Kuchaji Chombo cha Umeme Nyumbani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufunga Chaja

ELIMU KWA UMMA: NISHATI NA USALAMA WA MAKAZI

Pikipiki, bajaji na magari yanayotumia umeme yameanza kuonekana katika barabara za miji na vijiji vya Tanzania. Kinachowavutia wengi ni kwamba chombo hakilazimiki tena kupita kituo cha mafuta, bali hujazwa nguvu nyumbani wakati mwenye nacho amelala. Faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, maswali ambayo mnunuzi humuuliza muuzaji mara nyingi huhusu chombo chenyewe: kinakwenda kilomita ngapi, kinabeba mzigo gani na betri yake hudumu muda gani. Nyumba itakayokichaji husahaulika mpaka siku kinapofikishwa uani.

Somo hili linaeleza kwa nini nyumba ikaguliwe kwanza. Kufunga chaja kunagusa nyaya zilizomo ukutani, mlango wa kutokea wakati wa hatari na gharama ya umeme ya kila anayeishi chini ya mita moja. Mwananchi akiyatazama hayo mapema, atatumia fedha kidogo na kulala salama. Akiyaacha, huenda akagharimika zaidi ya alivyokusudia, na majirani zake wakabeba sehemu ya gharama hiyo bila kuulizwa.

Mzigo unaokaa usiku kucha

Watu wengi hudhani kwamba soketi inayohimili pasi au birika la umeme inaweza kuhimili chaja yoyote. Dhana hiyo ina kasoro. Birika la wati 2,000 huchemsha maji kwa dakika chache, kisha hujizima. Pasi huwaka na kuzima kila inapofikia joto linalotakiwa. Nyaya na soketi hupata muda wa kupoa. Chaja ya chombo cha umeme haina mapumziko hayo: huvuta umeme kwa saa nne, nane, au hata kumi na mbili mfululizo.

Kila mahali ambapo waya umeunganishwa, pana ukinzani mdogo unaozalisha joto. Kama skrubu imelegea au chuma cha soketi kimechakaa, ukinzani huongezeka. Joto hilo halipandi sawasawa na mkondo wa umeme, bali hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo huo. Mkondo ukitoka ampea 4 hadi ampea 10, yaani mara mbili na nusu, joto katika kiungo hicho huongezeka mara sita na zaidi. Ndiyo sababu soketi iliyotumika miaka mingi kwa redio na simu bila tatizo huweza kuyeyuka ndani ya usiku mmoja inapopewa kazi ya kuchaji gari.

Wingi wa umeme katika gridi hauondoi tatizo hili. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lakini umeme huo wote hauongezi hata kidogo unene wa waya uliomo ukutani mwa nyumba.

Volti, ampea na yuniti

Mwananchi hahitaji kuwa fundi ili kuelewa mahitaji ya chombo chake. Anahitaji kujua namba tatu.

Namba ya kwanza ni volti, yaani msukumo wa umeme. Umeme wa nyumbani nchini ni volti 230. Namba ya pili ni ampea, yaani kiasi cha mkondo unaopita katika waya. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati. Chaja inayovuta ampea 10 katika volti 230 hutumia wati 2,300, sawa na kilowati 2.3. Namba ya tatu ni kilowati-saa, ambayo mteja wa LUKU huifahamu kwa jina la yuniti. Kifaa cha kilowati 1 kikiwaka kwa saa moja hutumia yuniti moja.

Ukubwa wa betri hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Betri ya pikipiki iliyoandikwa volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880, yaani karibu yuniti 2.9. Betri za bajaji zenye jumla ya volti 60 na ampea-saa 100 zina yuniti 6. Gari dogo la Nissan Leaf la toleo la mwanzo lina betri ya yuniti 24. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, mita husoma zaidi ya kiasi kinachoingia katika betri. Kwa makadirio ya kawaida, mtumiaji aongeze asilimia 10 hadi 15. Betri ya pikipiki iliyotajwa itahitaji takriban yuniti 3.3 kujaa kutoka tupu.

Namba hizi zinaonyesha kwamba vyombo hivi havina mahitaji sawa. Chaja ya pikipiki huvuta karibu wati 900, yaani ampea 4 hivi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 yenye vipini vitatu inaihimili vizuri, mradi iwe nzima, imefungwa sawasawa na ina ethi. Gari ni jambo jingine. Kebo ya kubebeka inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida kwa kawaida huvuta ampea 10, na betri ya yuniti 24 itachukua takriban saa 12 kujaa. Mwenye gari atakayechaji hivyo kila usiku anapaswa kuwa na saketi ya peke yake, iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Chaja ya ukutani hufanya nini

Kifaa kinachofungwa ukutani kwa ajili ya gari huitwa chaja, lakini chaja yenyewe imo ndani ya gari. Hiyo ndiyo inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme wa mkondo mmoja unaohitajika na betri. Kifaa cha ukutani ni mlinzi na mjumbe. Hakipitishi umeme mpaka kihakikishe kwamba kebo imeunganishwa na gari liko tayari, kisha huliarifu gari kiasi cha ampea linachoruhusiwa kuvuta. Mawasiliano yakikatika, hukata umeme.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mfuko wa mnunuzi. Kifaa cha ukutani cha ampea 32 kinaweza kutoa zaidi ya kilowati 7, lakini chaja iliyomo ndani ya gari ikiwa na uwezo wa kilowati 3.3 tu, gari litavuta kilowati 3.3 na si zaidi. Mwenye gari la namna hiyo akinunua kifaa kikubwa na nyaya nene za kukilisha, atakuwa amelipia uwezo ambao gari lake haliwezi kuutumia. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, kwanza isomwe nyaraka ya gari na kutazamwa uwezo wa chaja yake ya ndani.

Wanunuzi wa magari ya mtumba kutoka Japani wanahitaji tahadhari ya ziada. Nyumba za Japani hutumia volti 100, na magari ya umeme huchajiwa kwa volti 200 kupitia plagi ya umbo tofauti na za Tanzania. Gari linaweza kufika likiwa na kebo ya huko. Mtu akikata plagi na kufunga ya vipini vitatu ili iingie ukutani, huondoa kinga aliyoiweka mtengenezaji na kuilazimisha kebo kufanya kazi katika umeme ambao huenda haikuundiwa. Kibandiko cha kebo kisomwe. Kama hakionyeshi kwamba inakubali volti 230 au 240, itafutwe kebo nyingine inayolingana na tundu la gari na umeme wa nchini.

Ukaguzi wa nyumba

Ukaguzi huanzia nje na kuingia ndani, kwa kufuata njia ya umeme. Kazi hii ifanywe na mkandarasi au fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Cheti cha mafunzo ya VETA ni ushahidi kwamba mtu amejifunza ufundi, lakini leseni ndiyo inayompa mamlaka ya kufanya kazi hiyo. Mwananchi ana haki ya kuomba aonyeshwe leseni kabla kazi haijaanza.

Kwanza, fundi ajumlishe vifaa vyote vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja: jiko la umeme, pasi, friji, pampu ya maji na chaja. Jumla hiyo ilinganishwe na uwezo wa mita na wa swichi kuu. Ikiwa inazidi, kuna njia mbili: kupanga muda wa matumizi, au kupeleka maombi TANESCO ya kuongezewa uwezo wa laini. Swichi kuu isibadilishwe kuwa kubwa zaidi ili tu isijizime, kwa maana inapojizima huwa inatimiza kazi yake.

Pili, zikaguliwe nyaya za soketi. Katika nyumba nyingi soketi kadhaa hugawana saketi moja yenye nyaya za milimita za mraba 2.5. Chaja ya gari ikiongezwa hapo, huchangia njia na friji, pasi na televisheni. Saketi ya peke yake huanzia kwenye swichi kuu ikiwa na saketi breka yake, na huishia mahali pa kuchajia bila kupita soketi nyingine. Kwa kifaa cha ampea 32, mafundi hutumia nyaya za milimita za mraba 6 katika umbali wa kawaida wa nyumba. Ua ukiwa mrefu, unene huongezwa, kwa kuwa volti hupungua njiani. Saketi breka nayo sharti ilingane na waya: breka kubwa kwenye waya mwembamba huacha waya uungue kabla breka haijajikata.

Nyaya zinunuliwe katika duka linalotoa risiti, na mnunuzi atazame alama ya ubora ya TBS. Waya wenye alumini iliyopakwa shaba juu huonekana kama wa shaba tupu, lakini hupata joto upesi zaidi kwa mkondo ule ule.

Tatu, ipimwe ethi. Ethi ni waya unaounganisha mwili wa kifaa na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini. Umeme ukivuja na kugusa bodi la gari au pikipiki, waya huo huupeleka ardhini kabla haujapita katika mwili wa mtu. Fimbo iliyopigwa miaka 15 iliyopita huenda imeliwa na kutu, au kiungo chake kimeng'oka wakati wa kupiga lipu. Aidha, udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu, hivyo kipimo kilichokuwa kizuri wakati wa masika kinaweza kuwa kibaya wakati wa kiangazi. Fundi aje na kifaa cha kupimia ethi. Kuitazama fimbo kwa macho hakutoshi.

Nne, iwepo swichi ya kinga ya uvujaji wa umeme, ambayo mafundi huiita kwa kifupi RCD. Swichi hii hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Saketi breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa hungoja mkondo mkubwa unaozidi kiwango chake, ilhali mkondo mdogo sana unatosha kumuua mtu. Kwa saketi ya gari, fundi aulizwe kama swichi aliyoichagua inafaa kwa uvujaji wa mkondo mmoja, kwa sababu si kila RCD hufanya kazi vizuri mbele ya uvujaji wa aina hiyo.

Kazi ikikamilika, mwenye nyumba adai vipimo kwa maandishi na kuvihifadhi. Usiku wa kwanza wa kuchaji, plagi na soketi ziguswe kwa nyuma ya kiganja baada ya nusu saa na tena baada ya saa mbili. Uvuguvugu si tatizo. Joto linalomfanya mtu aondoe mkono, harufu ya plastiki au rangi ya kahawia kwenye soketi ni dalili za kuacha mara moja na kumwita fundi.

Vijijini na mwisho wa laini

Nyumba ndogo zilizounganishiwa umeme vijijini kwa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, zina hali yake. Kifaa hicho kilibuniwa kwa nyumba zisizo na mfumo wa nyaya, ili familia ipate taa na vifaa vidogo bila gharama ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Kimeleta mwanga kwa wengi, lakini hakikukusudiwa kulisha chaja ya chombo cha usafiri. Anayetaka kuchaji katika nyumba ya namna hiyo aanze kwa kumwita fundi mwenye leseni atandaze saketi kamili.

Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu inaweza kupata volti pungufu, hasa jioni watu wengi wanapowasha taa na kupika. Chaja nyingi za kisasa hujitahidi kutoa nguvu ile ile hata volti zikishuka, na ili kufanya hivyo huvuta ampea zaidi. Chaja ya wati 900 huvuta ampea 3.9 katika volti 230, lakini katika volti 180 huvuta ampea 5. Maana yake ni kwamba nyaya hupata joto zaidi wakati umeme ni hafifu. Ni busara kuchaji baada ya saa nne usiku, matumizi ya majirani yanapopungua, na kutoa taarifa TANESCO kama volti hushuka kila siku.

Mpaka wa yuniti 75

Gharama ya umeme wa kuchaji haiwezi kujulikana kwa kuzidisha yuniti kwa bei ya sasa ya nyumba. Sababu ni makundi ya wateja. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi D1, yaani mwenye matumizi madogo yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti. Mteja wa kundi T1 hulipa shilingi 292. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, bei hizo huwa shilingi 122 na shilingi 356 hivi. Anayezidi yuniti 75 mara kwa mara huhamishiwa T1, na kuanzia hapo yuniti zake zote, za taa na za chaja, hutozwa bei ya kundi hilo.

Chukulia familia ya D1 inayotumia yuniti 50 kwa mwezi na kulipa shilingi 6,100. Kijana wa familia hiyo ananunua pikipiki ya umeme na kujaza betri mara moja kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Yuniti 3.3 kwa siku 26 ni karibu yuniti 86. Pikipiki peke yake imeshavuka mpaka wa yuniti 75. Akipiga hesabu kwa bei ya zamani ataona ongezeko la shilingi 10,500. Hali halisi ni tofauti: jumla ya yuniti 136 kwa bei ya T1 ni takriban shilingi 48,400, na ongezeko ni shilingi 42,300.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba pikipiki ya umeme haina faida. Popote petroli inapouzwa shilingi 2,500 au zaidi kwa lita, shilingi 42,300 hazinunui hata lita 17, kiasi ambacho dereva wa bodaboda anaweza kukimaliza kwa wiki moja. Faida ipo, ila ipangwe kwa namba sahihi. Anayetarajia kulipa 10,500 na kukuta 42,300 atapungukiwa katika marejesho ya mkopo, ada ya shule au chakula cha nyumbani.

Nyumba ya kupanga na mita ya pamoja

Mpaka huo huwa na uzito mkubwa zaidi katika nyumba ya kupanga yenye mita moja. Tuseme wapangaji watatu hutumia yuniti 20 kila mmoja. Jumla yao ni yuniti 60, wamo ndani ya D1, na kila mmoja hulipa shilingi 2,440 kwa mwezi. Anahamia mpangaji wa nne, dereva mwenye pikipiki ya umeme. Ni muungwana, na analipia yuniti zake 86 zote kwa shilingi 356 kila moja. Hata hivyo, nyumba nzima imehamia T1. Yuniti 20 zile zile za jirani sasa zinagharimu takriban shilingi 7,100. Kila mmoja wa wapangaji watatu anatoa karibu shilingi 4,700 zaidi kila mwezi, ilhali hajaongeza hata taa moja.

Wazee walisema kuwa jirani mwema ni akiba. Ujirani huo hulindwa kwa kuzungumza kabla ya kuchomeka chaja. Mambo matatu yafaa kukubaliwa. La kwanza ni mita ndogo ya kupimia yuniti za chaja peke yake, ili pasiwe na kukisia. La pili ni nani atabeba tofauti ya bei inayotokana na nyumba kuvuka mpaka. Katika mfano huu ni shilingi 14,000 hivi kwa mwezi, na ni haki abebe aliyeileta. La tatu ni ridhaa ya mwenye nyumba, kwa kuwa saketi mpya ni badiliko katika jengo lake. Makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa na Mwenyekiti wa Kitongoji au Mtaa. Aidha, wahusika wanaweza kuuliza katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu masharti ya kuombewa mita tofauti.

Mahali pa kuchajia

Kwa hofu ya wizi, madereva wengi huingiza pikipiki ndani usiku na kuiegesha sebuleni au kwenye korido, mbele ya mlango. Hofu hiyo ina msingi, lakini chombo cha umeme kinachochajiwa hapo kinaweza kuziba njia pekee ya kutokea. Madirisha mengi yana nondo. Moto ukianzia kwenye korido, waliolala vyumbani hawana pa kupita.

Betri za lithiamu zilizoharibika zinaweza kushika moto ghafla, kutoa moshi wenye sumu, na kuwaka tena saa kadhaa baada ya kuzimwa. Betri za asidi nazo hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kwa sababu hiyo, betri yoyote ichajiwe penye hewa inayopita, mbali na vitanda, jiko la mkaa, mtungi wa gesi na mlango wa kutokea. Kibanda kidogo cha bati chenye sakafu ya saruji na mlango wa chuma, kilichotengana na nyumba, hulinda mali dhidi ya wezi na watu dhidi ya moto. Betri inayochomolewa inaweza kuchajiwa humo huku pikipiki ikifungwa mnyororo mahali pengine.

Soketi ya nje iwe ya aina inayozuia maji, yenye alama ya IP54 au zaidi, na ifungwe juu ya usawa ambao maji ya mvua huwahi kufika. Ekstensheni isitumike kwa gari. Kwa pikipiki, kama hapana budi, iwe fupi, nene na iliyokunjuliwa yote, kwa kuwa kebo iliyoviringwa hutunza joto. Chaja iwe ile iliyotengenezwa kwa betri hiyo: chaja ya betri ya asidi ya volti 72 haifai kwa betri ya lithiamu ya volti 72, ingawa plagi zinaingiliana. Betri iliyotoka safarini ipoe kwanza. Iliyovimba, iliyoanguka au iliyozama majini isichajiwe mpaka ikaguliwe.

Moto ukitokea, watu watoke kwanza. Swichi kuu izimwe kama inafikiwa bila hatari, maji yasimwagwe kwenye kifaa chenye umeme, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114 likielezwa kwamba kinachoungua ni betri.

Vikundi vinavyoomba mikopo

Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachokusudia kununua bajaji au pikipiki za umeme kinapaswa kuingiza katika andiko lake gharama za kuzichaji na si bei ya vyombo peke yake. Pikipiki tano zinazochajiwa pamoja huvuta wati 4,500, karibu ampea 20, mzigo ambao soketi moja haiwezi kuubeba. Kikundi hicho kinahitaji saketi za kutosha, ethi iliyopimwa, kibanda chenye hewa na bei ya T1 katika makadirio ya mapato. Andiko lenye mambo hayo huonyesha kwamba kikundi kinajua marejesho yatatoka wapi.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kulipa fedha za chombo au za chaja, mwananchi ajiulize maswali yafuatayo. Swali asiloweza kulijibu ndilo la kumpelekea fundi, mwenye nyumba au ofisi ya TANESCO.

1. Chaja yangu huvuta ampea ngapi, na kwa saa ngapi mfululizo?
2. Soketi nitakayoitumia inagawana saketi na vifaa gani?
3. Ethi ya nyumba ilipimwa lini, na ipo swichi ya RCD?
4. Nyumba ipo kundi gani la bei, na itavuka yuniti 75?
5. Kama mita ni ya pamoja, majirani wanajua na wamekubali?
6. Betri ikiwaka usiku, waliolala watatokea wapi?